Shibiri Kumi za Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuchora makabati kwenye kompyuta. Mbao zinakatwa kwa mashine Dodoma. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa mchumba wangu, pale Utemini. Nilitaka aone kwamba binti yake hatalala njaa.

Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Nikabaki uani. Akapima mwenyewe, akaniambia, "Toka ukutani hadi mlangoni, shibiri kumi." Futi ninayo mfukoni, nikaona haya kumpa. Nikapima shibiri zangu, nikachora.

Siku ya kulifunga kabati jikoni, shemeji aliyelifunga akapiga kelele ndani: "Fundi, kabati limeziba mlango!"

Mama akatoka, akaweka kiganja chake kidogo juu ya changu.

"Mkwe, kumbe ulipimia jembe hili?"