Siku Shangazi Alipomwanika Simba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba simba na kucha zake, na nyani na wizi wake, kisha akamjaalia binadamu macho ya kuwatazama wote wawili na ulimi wa kusimulia. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kumbukumbu ambayo bado hajaichukua.

Wiki iliyopita mkwe wangu alikuwa akitengeneza achari ya maembe, hapa nyumbani Ipuli. Akafungua chupa ya siki. Mimi nilikuwa sebuleni na tasbihi yangu, na ghafla sikuwa Ipuli tena. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama nyuma ya pazia jeusi katika studio ya baba yangu kule Kanyenye, taa nyekundu inawaka, na nyuso za watu zinatokea polepole ndani ya beseni. Dawa za kusafishia picha zilinuka siki. Baba naye alinuka siki, hata siku ya Ijumaa baada ya kujifukiza udi, na mpaka leo harufu hiyo kwangu ni harufu ya baba.

Baba aliitwa Mussa, na watu walimwita Mussa Picha. Mteja akishaketi kwenye kiti chenye mto mwekundu, Baba aliinama nyuma ya kamera na kusema maneno yale yale: "Kidevu juu kidogo. Vuta pumzi. Usipepese." Awe hakimu au muuza maandazi, maneno hayakubadilika.

Mwaka huo ng'ambo ya barabara ilifunguliwa studio mpya. Fundi wake alikuwa na pazia kubwa lililochorwa simba, na kwa kulipia kidogo tu uliweza kupigwa picha umemshika simba sharubu. Yule simba alikuwa na macho ya paka na meno ya binadamu, lakini wateja wetu wote walivuka barabara. Kiti chenye mto mwekundu kikaanza kujaa vumbi. Siku moja nilimsikia Baba akimwambia dada yake kwamba Iddi ya Kuchinja ikipita bila watu, atafunga studio na kwenda kuomba kazi ya kupanga magunia ghalani. Nilijaribu kumfikiria baba asiyenuka siki, nikashindwa.

Baada ya siku mbili akatangaza uamuzi wake. "Nitawaletea simba wa Mungu, siyo wa rangi. Picha kubwa, dirishani, kabla ya Iddi."

Njia ya kumfikia simba ilikuwa ni mtani wake, Mzee Pazi. Huyu alikuwa Mzaramo, dereva wa lori lililokwenda kukusanya asali kwa warina asali wa pori la kusini, upande wa mto Ugalla. Mnajua habari za utani wetu sisi Wanyamwezi na Wazaramo. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, wakila mihogo ya wenyeji bila kuomba, watu hawa wawili hutukanana asubuhi na jioni na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mzee Pazi alikubali kutupakia, tupige kambi siku tatu wakati yeye akijaza madebe yake.

Nasema "kutupakia" kwa sababu Shangazi Mwamvua hakukubali kuachwa. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na alikuwa na hakika kwamba mdogo wake akienda porini peke yake atakufa njaa kabla hajaliwa. Akapakia kinu, mchi, vyungu viwili, mkeka, kuku hai wawili, na kikapu cha viazi vitamu vya kukata michembe ya kukausha juani.

Mzee Pazi alitazama shehena ile, akavua kofia. "Wanyamwezi bwana! Mizigo ya Mwarabu imekwisha siku nyingi, lakini kichwa bado kinawawasha."

"Endesha gari, Mzaramo wewe," Shangazi akajibu akipanda. "Na ukisikia ngoma njiani, usituache kwenye gari ukaenda kucheza."

Walikwenda hivyo njia nzima. Tulipofika penye pundamilia, Shangazi akawaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", asije akaonekana hana adabu ugenini.

Kambi yetu ilikuwa turubai moja lililofungwa kwenye miti, hatua chache kutoka mtoni. Naikumbuka harufu yake: mafuta ya lori, asali, moshi wa mninga. Viboko walikoroma kama wazee baada ya pilau. Nilikuwa na hofu, lakini hofu ya furaha, kama ile ya kupanda bembea.

Siku ya pili Mungu alitupa simba. Tulimkuta mchana, amelala kivulini, dume mwenye shungi jeusi. Mzee Pazi alisimamisha lori mbali kidogo. Baba akatoa kamera dirishani. Simba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyechoshwa na wageni. Na Baba, kwa mazoea ya miaka mingi, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Kidevu juu kidogo, mzee."

Wallahi, simba akainua kidevu.

Mzee Pazi aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka chini ya usukani. "Mussa!" alinong'ona kutoka huko chini. "Usimwambie na kuvuta pumzi, atatuvuta sisi!"

Baba alipiga picha zote kumi na mbili za mkanda ule. Tulirudi kambini tukiimba kasida, Mzee Pazi akipiga honi badala ya dufu. Baba akautoa mkanda, akaufunga kwa karatasi yake, akauweka katika begi la ngozi pamoja na mikanda miwili ambayo ilikuwa bado mipya. Mmoja ukabaki ndani ya kamera. Kisha akanikabidhi begi. "Zuhura, wewe ndiye mlinzi wa simba."

Nililala nimelikumbatia.

Alfajiri Baba alituamsha kwa sala. Nje ya turubai kitu kilikuwa kinanguruma, na mimi sikuwa tayari kuliwa kabla ya sala. Nikachukua udhu mle mle ndani, gizani, kwa haraka. Birika likaniponyoka. Niliposikia maji yakimwagika nilijua yameelekea wapi, lakini nilijifanya sijui, nikaenda kuswali nyuma ya Baba nikiwa sina hata aya moja kichwani. Kumbe kilichokuwa kinanguruma ni Mzee Pazi, amelala ndani ya lori.

Baada ya jua kutoka, wanaume walikwenda kuwatazama viboko, na Baba akachukua kamera yake. Nikafungua begi. Mikanda yote mitatu ilikuwa imelowa chapachapa. Nikamkimbilia Shangazi, ambaye alikuwa akipanga vipande vya viazi juu ya mwamba ili vikauke, kazi aliyoifanya popote palipo na jua.

"Shangazi, mikanda ya Baba imeloa."

Hakuniuliza imeloaje. Alifuta mikono kwenye kanga. "Kitu kikiloa kinaanikwa, mwanangu. Lete."

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo penye dhambi yangu. Mimi nilikuwa mtoto wa mpiga picha. Kabla sijajua alifu na bee nilijua kwamba mkanda ukiona jua umekufa. Shangazi hakuwahi kuvuka lile pazia jeusi. Alisema mle ndani pananuka kama mchuzi uliochacha. Kwake mkanda ulikuwa kitu kama vingine vyote vya Unyamwezi, kuanzia mboga hadi uyoga: unakianika, unakihifadhi, kinakaa mwaka mzima. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilijiambia kwamba katika chuo cha Kurani tumefundishwa kutomkosoa mkubwa. Lakini ndani kabisa nilijua kitu kingine: akianika yeye, kosa litakuwa lake.

Basi Shangazi akaikunjua mikanda, mmoja baada ya mwingine, akainyoosha juu ya mwamba pembeni ya viazi, na kuibana kwa vijiwe ili upepo usiichukue. Simba wetu akaanikwa pamoja na michembe.

Wa kwanza kufika mezani walikuwa nyani. Walishuka mtini kundi zima, kwa utulivu, kama watu walioalikwa. Shangazi akanyakua mchi na kuwatukana kwa Kinyamwezi kizito. Viazi vikaenda. Dume mmoja mkubwa alichelewa, akakuta viazi vimekwisha, akachukua mkanda wa picha. Akaunusa, akaung'ata, akajivika shingoni, kisha akapanda juu ya tawi na kuketi akitutazama kwa dharau.

Hapo ndipo Baba na Mzee Pazi walipotokea.

Baba aliona mwamba. Akaona mikanda miwili imelala kifudifudi juani. Akainua macho, akaona wa tatu ulipo.

"Nimekuanikia vitu vyako, Mussa," Shangazi alisema akihema, mchi bado uko juu. "Vilikuwa vimeloa. Huyu mwizi nitamteremsha sasa hivi."

"Vimeloaje, dada?"

Shangazi hakunitazama. "Maji yamemwagika, basi. Maji humwagika."

Baba akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama penye mlango wa turubai, nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilisikia viboko wakikoroma mtoni. Studio yote ya Kanyenye ilikuwa inaning'inia kwenye shingo ya nyani.

Ni Mzee Pazi aliyeanza. Kwanza alikohoa, kisha akakaa chini, kisha akalala chali akipiga ardhi kwa kofia. "Mussa! Mussa ndugu yangu! Wateja wamekukimbia mji mzima, huyu amekuja mwenyewe, tena kavaa tai! Mpige picha asije akavuka barabara!"

Baba alimtazama mtani wake. Akamtazama dada yake chini ya mti, kanga imemteleza, mchi juu, akimwambia nyani maneno ambayo siwezi kuyaandika. Midomo yake ikaanza kucheza. Akainua kamera, yenye mkanda wa mwisho.

"Kidevu juu kidogo," akasema, na sauti ikakatika kwa kicheko.

Picha ile iliwekwa dirishani wiki moja kabla ya Iddi, kubwa kama mlango wa kabati. Mzee Pazi akafanya kazi ya mtani. Alizunguka kutoka Gongoni mpaka stesheni akitangaza kwamba Mussa Picha alikwenda kutafuta simba akarudi na nyani, na kwamba simba hakuwepo kabisa, Wanyamwezi waliota kwa shibe ya viazi. Watu wakaja kucheka. Waliocheka wakaingia ndani. Siku ya Iddi foleni ilifika kwenye duka la Mhindi wa vitambaa, na naye mwenyewe akajipanga na wanawe sita. Baba hakwenda kupanga magunia. Alinuka siki mpaka uzeeni.

Mimi tu ndiye ambaye sikuitazama picha ile. Miaka yote nilipita dirishani nikielekeza macho ng'ambo. Mji mzima ulimcheka Shangazi, naye alicheka nao, na hakusema neno juu ya maji mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Baba alipokuwa mgonjwa, nami nikiwa tayari nina watoto na nafundisha wasichana Kurani, niliketi kitandani kwake nikamweleza yote: birika, begi, mdomo niliofungua na kuufunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kanitolee ile picha, na kioo changu cha kukuzia."

Akakiweka kioo pembeni kabisa ya picha, mbali na nyani. Penye mlango wa turubai amesimama mtoto wa miaka tisa, ameinamisha kichwa, amelikumbatia birika tupu kifuani kama mtoto mchanga.

"Kwenye beseni," alisema Baba, "wewe ndiye uliyetokea wa kwanza. Kabla ya nyani."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema kwa kuogopa. Nilitaka uje mwenyewe." Akapumua kidogo. "Sikujua tu kama utachukua miaka thelathini."

Nilicheka, kisha nikalia, nikainama. Angeweza kunikata kwenye picha, mkasi ulikuwepo. Lakini aliniacha pale pale dirishani, kosa langu mkononi, mbele ya mji mzima, akijua kwamba watu wote watamtazama nyani. Na Shangazi alijua kabla yake, akalifunika kwa kanga yake. Nilikuwa nimedhani nimewaficha wakubwa wawili, kumbe wakubwa wawili ndio walionificha mimi.

Nikasikia kidole chake chini ya uso wangu.

"Kidevu juu kidogo," alisema. "Vuta pumzi."

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akusitirie ulilolifunga mdomoni, akupe mtu wa kukungoja bila kukuhesabia siku, na siku utakapokwenda kwake, akukute umeinua uso. Amin.