Radhi za Alhamisi

Leo nimekalia kiti cha marehemu Bi Rukia, mkuu wetu wa idara hapa mjini Nizwa. Kiti kikubwa, mie mdogo.

Kila Alhamisi, mwisho wa wiki ya kazi, akifunga kikao kama alivyolelewa Unguja: "Niwieni radhi, jamaa." Sisi tukicheka. Bosi gani huyu anaomba radhi?

Leo Alhamisi. Nikafunga kama yeye.

Nikajua: wakinicheka, kiti hiki sitakiweza. Nikamtazama Salim, bingwa wa kejeli.

Salim akainama. "Tumekuwia radhi, dada. Na wewe tuwie."



Kisha akasema, "Bi Rukia sikumjibu hivyo hata siku moja."

Wallahi, hakuna aliyeinuka. Tumekaa saa nzima tunaombana radhi, na aliyetufundisha hayupo.

Haya, semeni: wenu anayewaomba radhi, mmeshamjibu?