Mkunga wa Mwese Anayeuogopa Mkono Wake

Saa tatu asubuhi, katika kijiji kimoja cha vilima vya Mwese, mkunga Romana anapiga magoti mbele ya Elizabeti, ambaye uchungu umemshika tangu alfajiri. Ubavuni pa mkunga ameketi wifi yake, Marsela. Kazi ya Marsela ni moja tu: kuutazama mkono wa kushoto wa mkunga.

Romana amezalisha wanawake wa huku kwa miaka kumi na minane, kwa ujira wa kuku au debe la mahindi. Mwaka 1954, akiwa amempakata mtoto wa kwanza wa huyu huyu Elizabeti, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kucheza vyenyewe. Yaliyofuata alisimuliwa. Alianguka, akatetemeka, akatokwa na povu. Mtoto alidondokea mkekani, akapona. Wanawake walikimbia, wakiogopa kuambukizwa.

Wengi walisema amerogwa. Yeye alitembea siku tatu hadi Karema kwa daktari wa misheni, ambaye alimwekea kichwani kile chombo cha kusikilizia moyo, akasikiliza. Kisha akamweleza kwamba damu inavuma humo. Kuna mishipa ya damu aliyozaliwa nayo imesokotana. Ndiyo inayomwangusha, na siku moja yaweza kupasuka. Upasuaji wake haupo huku. Alimpa vidonge vya kutuliza kifafa.

"Tangu hapo nikilala nausikiliza huo mvumo," anasema Romana. "Kufa naogopa, ndiyo. Lakini naogopa zaidi kumwangusha mtoto wa mtu."

Aliacha kazi mwaka mzima, mpaka mwanamke mmoja mwenye uchungu alipofia njiani akipelekwa hospitali ya Mpanda. Ndipo akarudi, kwa sharti kwamba Marsela asibanduke ubavuni pake.

Kichwa cha mtoto kinatokea. Kidole gumba cha kushoto cha Romana kinaruka mara moja, kisha tena. Elizabeti amekiona, anafumba macho.

"Wifi, pokea," anasema Romana, na kujisukuma pembeni kabla hajaanguka.

Marsela anampokea mtoto wa kike, anayelia papo hapo. Safari hii hakuna anayekimbia. Mama yake Elizabeti anamlaza Romana ubavu, anamshikilia kichwa mpaka mtetemeko unakwisha.

Anapozinduka, ulimi una damu. Anauliza habari za mtoto kwanza.

Mvua zikikatika atampeleka Marsela Karema, akamwombee kwa masista nafasi ya kujifunza ukunga.

"Ipo siku mkono hautanionya," anasema. "Huyu akishajua kazi, na mimi nitaweza kuugua kama watu wengine."