Shimo la Ndizi na Mama Mkwe

Hii aibu nilitaka kuzeeka nayo kimya, lakini mke wangu Nekesa ameshaanza kuwasimulia majirani (na anasimulia vibaya, ananitoa kaptura ambayo wallahi nilikuwa nimeivaa), kwa hivyo afadhali mniskize mimi mwenye mkasa, halafu mcheke mkijua ukweli.

Kwanza mjue kwamba kwetu Bungoma mwanaume na mama mkwe hawazoeani ovyo. Hampeani mkono, hamuli meza moja, mkikutana njiani mmoja anapisha, na kama kuna neno la kusema linapitia kwa mke hata kama mmesimama hatua tatu. Ni heshima. Sasa mimi nilikuwa na deni la heshima kubwa kuliko wenzangu, kwa sababu nilipoenda kumposa Nekesa mama yake aliuliza wazee mbele ya watu wote, "Huyu mtu wa ploti Kitengela, kwa yale mawe na vumbi, atamlisha mtoto wangu nini?" Watu walicheka na mimi nikacheka nao, lakini lile swali nililala nalo miaka minne. Kila jembe nililopiga katika ile robo eka yetu, nilikuwa ninamjibu yeye.

Basi mwaka juzi, Oktoba, mvua ikikaribia, mama akapiga simu kwamba anakuja kutuona kwa mara ya kwanza, na kwamba anakuja na mche wa ndizi kutoka shambani kwake. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Nilivuna malenge nikayapanga kwenye veranda, makubwa mbele madogo nyuma, nikavuna mahindi nikalaza mabua kando ya fensi, nikapalilia kunde, sukuma nikaitoa majani yote ya manjano. Mashimo ya ndizi nikachimba matatu. Asubuhi ya siku yenyewe Nekesa akaniambia, "Baba Nasimiyu, inatosha. Oga uvae suruali." Mimi nikaangalia saa, nikaona mama anafika saa kumi jioni, na sasa ni saa mbili asubuhi, nikasema wacha nichimbe shimo moja la mwisho.

Shimo moja tu, jamani.

Nilikuwa nimevaa buti za mpira na kaptura ya zamani sana, iliyopasuka nyuma kuanzia mahali ambapo sitataja, na shati hapana. Udongo wa huku ni ule mweusi, ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi. Kwa kuwa ulikuwa umekauka nilimwaga ndoo mbili za maji ili jembe liingie, na liliingia kweli, nikachimba mpaka shimo likanifika kifuani. Jirani yetu mzee Parmuat, ambaye ng'ombe zake ndizo zinatupatia mbolea, alipita akanisalimia, nikamwambia, "Mzee, ukileta ile mbolea usiningoje, mwaga tu kwa hili shimo la mwisho karibu na fensi." Akasema sawa. Hayo maneno myaweke vizuri kichwani, tutayahitaji.

Saa tano hivi nikasikia gari langoni na sauti ya Nekesa ikiwa juu kuliko kawaida yake: "Karibu mama! Kumbe mmefika mapema!"

Kumbe dada mmoja wa kanisa alikuwa anatoka huko na gari, akambeba usiku kucha, akamshusha langoni akaenda zake.

Niliangalia mlango wa nyumba, nikaona nikikimbia nitapita mbele ya mama mkwe na ile kaptura, tena nikimwonyesha upande wake mbaya. Niliangalia fensi, ni seng'enge. Nikavuta mguu, buti likakataa. Nikavuta wa pili, nao ukakataa, matope yalikuwa yamenishika kabisa. Ndipo nikafanya uamuzi ambao mpaka leo siwezi kuutetea: nilivuta mabua ya mahindi nikajifunika kichwa, nikachuchumaa ndani ya shimo langu, nikisema wataingia ndani wanywe chai na mimi nitatoka.

Hawakuingia ndani. Mama alitaka kuona shamba kwanza.

Nikawasikia wakija polepole. "Haya malenge ni ya kununua?" "Hapana mama, ni yetu." "Na hizi kunde?" "Zetu." "Nani amelima?" "Ni yeye mwenyewe, mama, akitoka kazini." Mama akasema, "Mm." Ninyi hamjui uzito wa hiyo "mm". Mimi nilikuwa ndani ya shimo, matope matakoni, nikitabasamu peke yangu kama mjinga, karibu nilie. Miaka minne nilikuwa ninangoja hiyo "mm".

"Na yeye mwenyewe ako wapi?" mama akauliza. "Atakuwa ameenda kuoga," akasema Nekesa, maskini, akiamini kabisa.

"Basi hii ndizi hatungoji. Imesafiri usiku kucha, mizizi itakauka. Shimo liko wapi?"

Wakaanza kuja kwangu. Wakati huohuo nikasikia wilbaro ikilia kwa upande wa fensi, na mzee Parmuat akisema, "Sopa!" Mama, ambaye Kimaasai hajui, akamjibu kwa salamu ya kwetu Bungoma, "Mulembe!" na wakaelewana vizuri sana. "Nimeambiwa nimwage kwa shimo la mwisho," Parmuat akasema. "Mwaga, baba," akasema mama, "nyunyiza chini, mimi nitaweka mche juu."

Ningeweza kusema kitu hapo. Nimefikiria sana ningesema nini. Lakini nilikuwa bado ninajiambia labda atamwaga kidogo.

Hakumwaga kidogo. Mbolea ya wilbaro nzima, mbichi kiasi, ilinishukia kichwani na mgongoni, nyingine ikaingia kwenye kaptura kupitia ule mpasuko, na mimi nikainuka nikipiga nduru, mabua kichwani, kinyesi cha ng'ombe mabegani. Mama akapiga kelele, "Yesu wa Nazareti!" Parmuat akainua fimbo. Nekesa akaruka katikati, "Usimpige! Ni bwanangu!"

Watu wakipata aibu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi ilikuwa imeshanimeza mpaka kifuani, na haikusaidia kitu.

Mama alikuwa ameshageuka, amenipa mgongo. Nikajua basi, nimekwisha, swali lake la siku ya posa limejibiwa. Kisha akaongea, bila kugeuka.

"Nekesa, huyo wa shimoni ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, mama."

"Mwulize kama ameumia."

Nekesa akanigeukia, midomo inatetemeka kwa kicheko. "Unaulizwa kama umeumia."

"Mwambie sijaumia."

"Anasema hajaumia."

"Mwulize alikuwa anafanya nini huko ndani."

Sikuwa na uongo wowote uliobaki. "Mwambie," nikasema, "nilikuwa ninamheshimu."

Nekesa hakurudia hayo maneno, hakuwa na haja. Mama alisimama pale, mabega yakimtikisika, sikujua kama analia au anacheka. Halafu akafungua leso mpya aliyojifunga kwa safari, akairusha nyuma bila kuangalia, ikaanguka ukingoni mwa shimo.

"Mwambie ajifunike. Na umwambie shimo ni zuri. Marehemu baba yako hakuwahi kunichimbia shimo refu hivi."

Parmuat alinivuta kwa fimbo yake nikatoka, buti zikabaki. (Ziko mle mpaka leo, chini ya ndizi.) Leso iliyomfunika mkwe hairudishwi kwa mwenyewe, kwa hivyo mjomba wangu aliniambia nimpelekee mama blanketi, nami nikapeleka lililo zito kabisa.

Tangu hapo nimeapa: sichimbi shimo siku ya mgeni, siingii shambani bila suruali nzima, na nikisikia mama mkwe langoni, ninatoka nisimame, niwe nilivyo.

Mwezi uliopita ile ndizi ilizaa. Mkungu wa kwanza niliufunga kwa gunia nikautuma Bungoma kwa basi, na jioni yake mama akampigia Nekesa, mimi nikiwa nimekaa pembeni nikijifanya ninasoma.

"Mwambie ndizi ni tamu," akasema. "Na umwulize kama siku hizi anavaa."