Fundo la Mji wa Mwisho

Kwa miaka thelathini na moja Mama Stempu alisimama mbele ya vishubaka vya barua, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuvuka maji. Jina hilo alipewa na makarani wenzake wa posta, likamganda. Kisiwa cha ng'ambo kilikuwa na vishubaka sita, safu ya chini, kimoja kwa kila mji, naye aliijua miji hiyo kama mtu anavyowajua majirani wa ukuta wa pili: sauti anazo, sura hana. Mji wa bandari ulileta bahasha ndefu za maofisini. Mji wa mnara wa taa ulileta barua zilizolainika kwa unyevu. Na ule wa mwisho, kusini kabisa, ulileta bunda dogo mara moja kwa wiki, unene wa mkate.

Alipostaafu, wanawe walichanga wakawapa yeye na baba yao siku tatu za kutembea kisiwani. Jumamosi, vyombo vya chakula vikiwa bado havijaondolewa, mumewe alitandaza ramani mezani, akaikandamiza pembe kwa vikombe. Alikuwa mwashi, Fundi kwa kila mtu, sasa amepumzika, lakini bado aligusa kila ukuta aliopita kama anayeusalimu. Alichukua punje mbili za maharage. Moja akaiweka bandarini, maana huko ndiko meli inakofika. Ya pili akaishika mkononi.

Kutoka bandarini barabara iligawanyika: kaskazini kwenye mnara wa taa, kusini kwenye mji ule mdogo. Basi lilikwenda leo likarudi kesho. Siku tatu zilitosha njia moja tu.

Fundi aliweka punje kwenye mnara bila kuuliza. Tangu alipokuwa mwanafunzi wa ujenzi alisikia kwamba ngazi ya mnara ule inapanda kwa mzunguko bila nguzo katikati, jiwe limelalia jiwe, na kwa miaka arobaini alitamani kuyawekea mawe yale kiganja. Mkewe aliyajua yote hayo. Ndiyo maana sauti yake ilikuwa ndogo aliposema angependa waende kusini.

Shemeji yake, dereva wa lori aliyekuja kula, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alishapeleka saruji huko mara mbili.

"Shemeji, kule kuna posta, kisima na mbuzi watatu. Na mmoja nadhani ameshahama."

Fundi akatabasamu, akamwuliza mkewe kusini kuna nini. Alisema hakuna kitu, akaanza kukusanya sahani. Fundi alimtazama mgongo. Mtu uliyeishi naye miaka mingi, hata mgongo wake husomeka. Shemeji alipokwisha kuaga, akamwambia, "Mama watoto, kaa. Niambie."

Mkewe alikwenda kwenye droo ya cherehani akarudi na kamba ya katani iliyofungwa duara, fundo lake likiwa bado zima. Akaiweka juu ya ramani.

"Vuta hapo kwenye ncha."

Fundi akavuta kwa vidole viwili. Kamba ikafunguka yote, ikalala mezani imenyooka.

Ndipo akamweleza. Baada ya uzazi wa tatu viungo vya vidole vilianza kuvimba, na mabunda ya barua yalikuja yamekazwa kama mizigo ya kuvuka milima. Kukata kulikatazwa, kwa kuwa kamba ilirudishwa pamoja na mfuko. Alikuwa akifungua kwa meno. Siku moja aliandika vikaratasi sita, akatumbukiza kimoja katika kila mfuko wa kisiwani: Tafadhali msikaze sana, vidole vyangu vinauma. Mkuu mmoja wa posta alilalamika, naye akapewa onyo la maandishi. Miji mitano iliendelea kukaza. Kutoka mji wa mwisho hakukuja hata neno. Wiki iliyofuata lilikuja fundo hili, na likaja kila wiki kwa miaka kumi na tisa. Siku yake ya mwisho kazini hakulifungua. Aliitelezesha kamba ikatoka na fundo lake, akaitia mfukoni.

"Na hukumshukuru?"

"Nilishaonywa. Kisha ikawa aibu, kisha ikawa miaka. Sasa posta ile inafungwa mwisho wa mwezi."

Fundi aliizungusha kamba kwenye kidole chake kinene. Halafu akaiokota punje kutoka kwenye mnara.

"Mnara hauna miguu," alisema. "Tutaukuta." Akaiweka kusini.

Posta ya mji wa mwisho ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kijani. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke mnene, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, akimsuta mteja aliyeandika anwani isiyosomeka. Zamu yake ilipofika, Mama Stempu aliomba stempu moja. Akaitoa kamba, akaiweka juu ya kaunta.

Mwanamke aliitazama kamba. Kisha akatazama, si uso wa mgeni, bali mikono yake.

"Wewe ndiye wa vidole."

"Ndiye."

"Kumbe ni mtu mzima. Miaka yote hii nikidhani ni binti mvivu."

"Nimekuja kusema asante."

"Basi sema."

"Asante, dada."

Mwanamke aliinua ubao wa kaunta akamsogezea kigoda. Kupitia dirishani walimwona Fundi ameinama kwenye kisima, kiganja juu ya mawe, akikagua kazi ya mtu. Mbuzi walikuwa wanne.

Bunda la wiki lilikuwa mezani, bado halijafungwa. Mwanamke akalizungushia kamba ile ile, mara mbili, akasita.

"Hebu niwekee kidole hapo," alisema. "Sitakaza."