Aliyeonja Kwanza

Nyumbani kwa Adventina, huko Ntobeye, mgeni hakushika mrija kabla ya mwenye mtungi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: pombe ya ndizi ikiiva, aliyeipika hunywa kwanza mbele ya watu, wote waone koo likishuka. Kwa miaka ishirini na mitano alionja, akafuta mdomo, ndipo akasema, "Karibuni," akanywa pamoja nao.

Unga wa mtama wa kuchachushia aliletewa na Juvenali, mdogo wake wa mwisho. Huyo ndiye mtoto ambaye Adventina alimbeba mgongoni siku ya kumzika mama yao. Juvenali alianguka na pikipiki, akavunjika mguu, akapewa vidonge vikali vya maumivu. Mguu ulipona. Vidonge havikumwachia.

Tangu kiangazi cha mwaka jana watu walikuwa wakitoka hata Kasulo kuja kunywa. Mzee Pancras, jirani, alikuwa akimtania: "Adventina, siku ukifa mkono huo tutaukata tubaki nao."

"Utatangulia wewe, mzee, kwa unavyoumaliza mtungi," naye alimjibu, moyo umejaa. Aliamini ni mkono wake. Wiki asizopika alitoka jasho, akatetemeka, asipate usingizi. Alisema ni umri.

Jumapili moja baada ya misa, Pancras aliteleza kwenye kigoda akalala chini. Midomo iligeuka rangi ya majivu, pumzi zikija mojamoja. Vijana wakakimbilia pikipiki. Adventina akaingia jikoni kuchukua khanga ya kumfunika, akamkuta Juvenali mlango wa nyuma, anamwaga unga wa mtama kwenye shimo la taka. Miguuni pake kulikuwa na pakiti tupu za vidonge.

"Umetia nini?"

"Dawa zangu za mguu, dada. Kidogo tu. Ndizo zinazowarudisha watu."

"Tangu lini?"

"Kiangazi kile."

 Kwa hiyo sifa zile zote hazikuwa za Adventina. Wala jasho lile halikuwa la umri.

"Nimekunywa mimi, Juvenali. Kila mtungi. Ulikuwa umekaa pale unanitazama."

Juvenali alizisukuma pakiti kando kwa mguu. "Usiponyamaza nitafungwa. Tena nani atakuamini? Watu wote wamekuona ukionja."

Adventina alimtazama yule mtoto wa mgongoni mwake. Kisha aliokota zile pakiti, akazifunga kwenye pindo la khanga, akapanda pikipiki nyuma ya Pancras, akimshikilia asianguke.

Zahanatini, muuguzi Benedicta aliuliza mzee amekunywa nini. Adventina akafungua pindo juu ya meza.

"Vidonge hivi. Mdogo wangu alivisaga kwenye unga wa pombe yangu."

Benedicta alisoma pakiti, akamwekea Pancras hewa ya oksijeni, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Pumzi za mzee zilianza kukaribiana. Ndipo muuguzi akamgeukia Adventina.

"Na wewe, mama, umekunywa?"

"Mimi huonja kwanza."

"Basi hurudi nyumbani leo. Hivi vitu haviachwi kwa siku moja. Mwili wako utavidai."

Adventina alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Mdogo wake alikuwa amemsaliti mwaka mzima, na hata sasa, Adventina akimlilia, ulimi wake mwenyewe ulikuwa ukiutafuta mrija.