Nta ya Edwin Thirkettle

Kanisa letu la Harsett lina miaka mia nane. Mnara wake ni wa duara, wa mawe ya gumegume, na malaika waliochongwa kwa mti wa mwaloni walioko darini hawana nyuso. Askari wa vita vya zamani walizichonga zikaisha. Ufunguo anao Edwin Thirkettle, seremala, jirani yangu.

Mkewe, Dulcie, ndiye aliyeufukua mchoro wa Mtakatifu Kristofa. Ukuta unaotazamana na mlango ulikuwa umefunikwa chokaa karne nne. Dulcie aliibandua kwa kisu butu cha siagi, kiangazi kizima, mpaka likatokea jitu likivuka mto, mtoto begani, samaki miguuni. Uso ulitoka mwisho. Wazee walisema anayeuona asubuhi hafi ghafla siku hiyo.

Edwin akaogopa kazi ya mkewe isije ikapukutika. Akayeyusha nta ya nyuki, akaipaka mchoro mzima. Rangi zikang'aa.

"We Edwin, umempaka mafuta kama bata wa Krismasi!" Dulcie alimcheka.

"Cheka tu, mama. Huyu atatuzika sote."

Dulcie tulimzika nje ya ukuta huohuo.

Machi hii uso ulianza kuvimba. Akaja mtaalamu wa michoro, Bi Rowena, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Ukuta wa chokaa unapumua. Huu umezibwa pua. Unyevu umekosa pa kutokea, sasa unaisukuma rangi. Nani alipaka nta?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Mimi," alisema Edwin. "Na kama nisingepaka?"

Bi Rowena alifuta kidole chake. "Ungedumu, mzee wangu."

"Basi niambie cha kufanya. Mikono bado ninayo."

"Miguu na samaki tutajaribu. Uso umeshaachana na ukuta."

Uso ulianguka Alhamisi, bila kuguswa na mtu. Nilimkuta Edwin amepiga magoti, akizoa vipande na kuvitia kwenye kopo la biskuti.

"Niletee gundi."

"Edwin, huo ni unga."

"Jicho hili hapa. Dulcie alilifukua siku tatu, jicho hili." Akafungua kiganja. Lilikuwa vumbi jekundu.

Bado anafungua kanisa kila asubuhi, ila hapiti tena mlango mkubwa. Anazunguka hadi kijimlango cha kasisi, kule madhabahuni, anainama, anaingia, na kuketi akiupa ukuta mgongo.